Mwalimu Aliyetaka Wageni Wakae

Mwalimu hakuweza kuona mtu ameteremka kwenye basi bila kumuuliza anakwenda wapi. Mimi nauza chakula karibu na stendi ya Singida Mjini, wali, ugali na kuku wa kienyeji, na kwa miaka mingi meza yangu ya pembeni ilikuwa kama ofisi yake. Alikaa pale na kikombe cha chai ya rangi, miwani imeshuka puani, akiwachungulia wasafiri na kuwataja. Wa Mwanza hao. Yule wa Kahama. Akishuka mzungu mwenye begi kubwa mgongoni, Mwalimu alinyanyuka kabla konda hajamaliza kufungua buti.

"Karibu Singida," alimwambia. "Unakaa siku ngapi?"

Hakai. Anapita. Basi linasimama watu wanunue kuku na kwenda msalani, na mtu hajamaliza kutafuna paja honi imeshalia. Mwalimu alirudi kwenye chai yake akiwa amenuna. "Huyu naye hajafika, Mama Jesca," aliniambia. "Amepita tu."

Nilimzoea. Alinifundisha sayansi kimu shule ya msingi, alinichapa kwa sababu ya pindo la sketi lililoshonwa ovyo, na nilipokuja kupanga nyumba ya jirani yake, karibu na ziwa Kindai, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto lakini bado nilificha mikono yangu akinitazama nikikata vitunguu. Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake nawaachia wenye ukoo. Mtaa mzima ulimwita mama huyu Mwalimu, hata waliokuwa hawajawahi kukanyaga darasa lake, hata mzee wa msikiti na mchungaji ambao walikuwa wakubwa kwake kwa umri. Nami sitamwita vingine.

Hiyo habari ya wageni ilimwingia Arusha. Alipostaafu alikwenda kukaa kwa mdogo wake wa kike aliyekuwa anafanya usafi kwenye nyumba ya kulala watalii, katikati ya mji ule usiotulia. Kule aliona jambo ambalo lilimshangaza kuliko mlima wenyewe. Watalii waliotoka mbugani, au waliokuwa wakisubiri kwenda, hawakulala tu. Walikwenda kwa mama mmoja kujifunza kupika pilau. Walikwenda kuchora batiki, kutunga shanga, kupiga ngoma, kuchonga kijiko cha mti. Mzungu mzima, mtu wa makamo, anakaa chini anachomwa na sindano ya shanga na anafurahi.

"Nilidhani wanakuja kuangalia simba," alinisimulia. "Kumbe mtu akishamaliza simba wake anatafuta kitu cha kufanya na mikono."

Lakini hakuridhika na alivyoona wanafanyiwa. Alisema mwalimu wa batiki anachora mwenyewe halafu mgeni anajaza rangi, na mwalimu wa kijiko anamaliza kijiko mgeni akiwa kwenye simu. Vitu vile vilikwenda Ulaya vikiitwa vya mgeni, na mgeni hakuwa amejifunza lolote. Jambo hilo lilimkera kama pindo langu la sketi. Akarudi Singida amewaka: kwake, mgeni angefanya kazi ya kweli, mwanzo mpaka mwisho, kwenye nyumba ya kweli.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tembe, ile ya mama yake, ya mwisho mtaani kwetu. Asiyezijua nyumba hizo aelewe kwamba paa lake ni bapa, la magogo na fito na nyasi, juu yake umewekwa udongo mzito. Kuta ni miti iliyokandikwa. Ndani kuna ubaridi mzuri mchana na joto usiku. Ila inataka kuhudumiwa. Kila mwaka kabla ya mvua lazima ikandikwe upya, la sivyo inakufa. Zamani wanawake wa mtaa walikusanyika, wakapikiwa, wakakandika siku mbili wakiimba. Siku hizi sote tuna mabati, nani atakuja kukandika ya mwenzake? Mwalimu aliona hapo hapo ndipo wageni watakapoingia. Watakandika, watasaga mtama, watafinyanga vyungu uani, watakwenda ziwani asubuhi kuwaangalia heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, usiku watalala chini ya paa walilolitengeneza. Mji wenye kila kitu hauna hicho, alisema. Akimaanisha Arusha.

Tatizo ni kwamba kiwanja hakikuwa chake. Mama yao alipofariki kiliangukia kwa mdogo wake wa kiume, kama kwetu inavyokuwa, na huyo alitaka kubomoa ajenge gesti. Siwezi kumsema vibaya. Alikuwa fundi wa magari, mtu mpole, mwenye watoto wa kusomesha, na kila siku alipita mbele ya kiwanja kikubwa mjini chenye nyumba ya udongo ndani yake. Alimheshimu sana dada yake. Akamwambia, nikiwepo, "Dada, mimi sina haraka. Nionyeshe watu wanakuja hapa kwa ajili ya hii nyumba, itabaki. Wasipokuja, nikishapata saruji, sitakuuliza tena."

Mwalimu akamjibu, "Watakuja," akabadilisha mazungumzo kana kwamba ni jambo dogo. Lakini tangu siku hiyo akawa anawahi stendi kabla yangu.

Alikuwa na namna yake ya kupokea. Kwanza shikamoo. Hakujali unatoka nchi gani. Kama umri wako ni mdogo kwake, huingii uani kwake na "hai" yako. Alisimama mlangoni na kuwafundisha, mmoja mmoja, na akiwajibu "marahaba" uso wote ulifunguka. Pili, jiwe. Kwa mama yake ilikuwa desturi kwamba mgeni atakayelala lazima asage konzi moja ya mtama kwenye jiwe la kusagia lililokuwa pembeni ya mlango, hata awe nani, na mtama huo uingie kwenye ugali wa usiku ule. Sijaikuta desturi hiyo kwa majirani wengine, ilikuwa yao. Mwalimu aliishika kama sala. Aliniambia mama yake aliamini nyumba haimjui mtu mpaka imsikie akisaga.

Basi fikiria mtu ameshuka kwenye basi la saa nane kutoka Dodoma, ana vumbi, ana njaa, anapelekwa kwenye jiwe. Wanafunzi wawili wa chuo waliocheka sana waliondoka baada ya kupiga picha. Bwana mmoja wa Dar es Salaam aliuliza kama anaweza kulipa mtu amsagie. Mwalimu alimsindikiza mpaka barabarani, kwa adabu zote, akamwonyesha gesti nyingine.

Mgeni aliyekaa kuliko wote alikaa kwa sababu ya malaria. Kijana wa Kijerumani, mrefu, mwembamba, basi lilimshusha akitetemeka, nasi tukampeleka zahanati, kisha Mwalimu akamlaza ndani ya tembe. Alipopata nafuu alisaga mtama akiwa amejifunika shuka, akafinyanga chungu kilichoinamia upande mmoja. Mwalimu alikikausha kivulini, akakichoma, akamfungia kwa magazeti. Kwa miaka miwili kila aliyesema wageni hawaji alijibiwa kwa habari ya Mjerumani. Nilipomkumbusha kwamba Mjerumani hakuwa na uwezo wa kutoroka, alininunia siku nzima.

Nilimtania, ndiyo, maana alikuwa mtu wa kutaniwa. Mtu aliyehubiri kutulia hakuwahi kutulia kwangu zaidi ya nusu saa. Aliyetaka wageni wakae aliwafukuza ndugu wa marehemu mume wake wakija kutoka Misigiri: wakishamaliza kula tu, aliwauliza kwa upole kama hawaogopi kuchelewa gari. "Wale si wageni," alijitetea, "wale ni walaji." Na vyungu vyake mwenyewe vilikuwa vibaya. Mikono yake ilikuwa ya chaki na sindano, udongo ulimgomea. Ilibidi amwite mama mmoja mfinyanzi kutoka njia ya Mgori aje kufundisha, na yeye akakaa pembeni akisahihisha wageni kwa makosa yale yale aliyokuwa akiyafanya. Mfinyanzi yule alikuwa akinitazama na kubana kicheko.

Kitu kimoja tu hakikuwa na utani, nacho ni haraka. Waongoza watalii walimshauri mara nyingi. Wengine walikuja kula kwangu, wakamsikiliza, wakaipenda habari yake. Mama, walisema, tupunguzie. Gari langu linasimama saa moja hapa. Waandalie vyungu vilivyokwisha finyangwa, wao wapake rangi. Waandalie ukuta mdogo, wakandike kidogo, wapige picha. Nitakuletea kila wiki. Nilimsihi akubali. Nilimwambia wazi kwamba saa moja ni bora kuliko hakuna, na kwamba saruji ya mdogo wake inaongezeka.

"Ukuta mdogo wa kuchezea," alisema. "Mimi si chekechea."

Udongo wa kukandikia ulitoka kwenye kichuguu, njia ya Mgori, ukaletwa na mkokoteni, ukachanganywa na majani makavu na samadi, ukakanyagwa na kuachwa ulale usiku mzima ndipo upandishwe. Hakuna aliyeweza kumshawishi aruke hatua. Udongo wa ziwani, ule ulio karibu kwa miguu, hata mtoto wa Singida anajua hauna kazi kwenye nyumba. Maji ya maziwa yetu yana chumvi na magadi, na udongo wake ni hivyo hivyo. Ng'ombe wakipita kando ya ziwa wanaulamba.

Mwaka ule mdogo wake alishaleta mchanga na kokoto, akazimwaga mbele ya tembe. Lori lilimwaga, likaondoka. Mwalimu alizunguka ile kokoto kila asubuhi akitoka, kama anavyozunguka mtu dimbwi, akaja stendi. Kukandika kwa mwaka ule kulikuwa bado, na mvua zilikaribia. Alikuwa ameagiza udongo, mkokoteni ulikuwa uje kesho yake.

Siku hiyo hiyo gari kubwa la watalii likakatika springi nje kidogo ya mji. Wageni walikuwa wengi, wa umri wote, wakitoka Arusha wakizunguka kwenda ziwa Viktoria, na kiongozi wao alikuwa kijana aliyewahi kula kwangu na kumsikiliza Mwalimu. Gari likapelekwa kwenye gereji, na fundi aliyeitwa alikuwa nani kama si mdogo wake Mwalimu. Akasema litakuwa tayari saa kumi jioni. Kijana akaja kwangu mbio.

"Mama Jesca, Mwalimu yuko wapi? Nina watu mchana mzima hawana la kufanya!"

Nilimwambia yuko nyumbani kwake, akawatanguliza wageni, nami nikaacha biashara. Naapa niliacha kuku jikoni nikawaachia wasichana wangu. Nilipofika walikuwa wamejaa ua mzima, wanajifunza shikamoo, wanacheka, wanapokezana jiwe la kusagia, na hakuna aliyeomba kusagiwa. Mama mmoja mwenye mvi, mnene, alisaga mpaka jasho likamtoka, akakataa kuondoka. Walishakunja mikono ya mashati. Na langoni, mkononi bado ana grisi, alikuwa amesimama mdogo wake Mwalimu. Alikuwa anapita kwenda kwake kuchukua spana, akakuta watu. Alikuwa anawaangalia kwa mdomo wazi.

Kiongozi akasema, "Mwalimu, wanataka kukandika. Wote. Hata juu ya paa."

Nilimwona Mwalimu akitazama njia ya Mgori, ambako mkokoteni haukuwepo. Akawatazama wageni. Akamtazama mdogo wake. Nadhani nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

"Udongo uko ziwani," alisema. "Chukueni ndoo."

Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Waliunda mstari kutoka ziwani mpaka uani, ndoo zikapita mkono kwa mkono, watoto wa mtaa wakaingia, wanawake walioacha kukandika miaka mingi wakatoka majumbani, mmoja akaanzisha wimbo wa kukandika na sauti zikamfuata. Wenye miguu mirefu walipanda paani wakamimina na kusawazisha. Saa kumi tembe ilikuwa inang'aa, imelowa, mpya. Mama mwenye mvi alimkumbatia Mwalimu akampaka udongo gauni zima. Mdogo wake alibaki nyuma wageni walipoondoka. Alipapasa ukuta, akasema, "Kumbe wanakuja, dada." Wiki iliyofuata akaja na vijana wake wakaondoa kokoto.

Jioni ile nilimuuliza Mwalimu kuhusu udongo. Alikuwa anaosha ndoo. "Walikuwa wamekunja mikono tayari," alisema. "Ningewaambia nini? Warudi kesho?" Kisha akasema ataleta udongo wa kichuguu aupake juu yake, mambo yatakuwa sawa. Na kweli mkokoteni ulikuja, na alipaka. Lakini kichuguu hakikushika juu ya chumvi. Kilipokauka kilibanduka vipande vipande.

Unga mweupe ulianza kutoka ukutani. Kisha mbuzi wa mtaa wakajua. Walikuja asubuhi na mapema, wakajipanga wanalamba kuta, na ng'ombe waliokuwa wakipelekwa majini wakakata kona kuja kulamba nao. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Watu wazima pia tulicheka, mara ya kwanza. Mwalimu alishinda na fimbo akiwafukuza. Akifukuza wa mbele, wa nyuma wanalamba. Kuta zikaliwa mpaka fito zikaonekana.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Udongo wa paani ulikunywa maji yote, haukuyaachia, ukawa mzito kuliko magogo yalivyoweza kubeba. Mwalimu alikuwa stendi kwangu. Tulisikia watu wakimwita, tukakimbia, tukakuta paa limeingia ndani na jiwe la kusagia limezikwa. Hakuna aliyeumia. Nililia, sioni aibu kusema. Yeye hakulia. Alisimama mvuani akitazama, na mdogo wake alipofika akavua koti lake akamfunika nalo, akasema tu, "Dada, basi." Alisema kwa huruma, na ndiyo iliyonimaliza.

Gesti ilijengwa mwaka uliofuata. Ina mabati mekundu, vigae, maji ya bomba, na ukutani pale mapokezi wamechora simba na twiga. Mdogo wake alimpa Mwalimu chumba cha nyuma, kizuri, na kazi ya kukaa mapokezi, kwa kuwa anasoma na kuandika vizuri na wageni wanamwamini. Stendi haji tena. Nilidhani atapona. Nilimpelekea habari za kiongozi yule kijana, kwamba anauliza kama atarudi na kundi jingine, akaniambia nimwambie gari likikatika gereji ipo. Mfinyanzi wa Mgori alikuja kumsalimia, wakazungumza Kinyaturu kidogo, akaondoka.

Juzi nilipeleka chakula pale gesti, wali na kuku, mteja wa chumba cha juu aliagiza. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya meza. Nilimsalimu shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za wanangu. Amekonda. Nikiwa nasubiri mteja ashuke, akaingia binti wa miaka ishirini na kitu, Mtanzania, wa Dar kwa kusema kwake, begi mgongoni. Hakuhitaji kufundishwa. Alipiga goti kidogo, "Shikamoo mama," kwa namna ambayo zamani ingemfungulia uso wote.

"Marahaba, mwanangu. Chumba?"

"Chumba, mama. Nina wiki nzima." Akaweka begi chini. "Nazunguka nchi yangu, nimeona naijua Zanzibar na Arusha tu. Nimesikia huku kuna kufinyanga, kuna nyumba za udongo watu wanakandika wenyewe. Nataka nijifunze, si kuangalia. Hata ikichukua siku zote. Yupo mtu wa kunifundisha?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu alinigeuzia macho, macho yale yale ya darasani, nikaufunga.

Akatoa ufunguo kwenye droo, akauweka mezani.

"Hapa watu wanalala tu, mwanangu," alisema. "Basi la Mwanza linapita asubuhi. Nikuamshe saa ngapi?"